Kasoro za Viatu vya Kupewa

Kazi yangu, kwa miaka kadhaa sasa, ni kusema kama koti linafaa kwa theluji. Naifanya nikiwa nimevaa kikoi na fulana, mbele ya feni, katika chumba cha ghorofani Malindi, mjini Unguja, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Theluji sijaiona. Baridi kali kuliko zote nilizowahi kuzipata ni ya ndani ya boti ya kwenda Dar es Salaam, ambako mwenye kuwasha viyoyozi huwa hana huruma, na hiyo pia niliimaliza kwa kujifunika gazeti.

Tovuti ninayoifanyia kazi ni ya watu wanaopanda milima na kulala porini kwa hiari yao, jambo ambalo shangazi yangu hadi leo anaamini ni adhabu waliyohukumiwa. Wenyewe wako nchi ya mbali. Makoti, mahema, viatu, shanta na taa za kichwani hupelekewa watu wa kujitolea, ambao huvitumia kwa muda, kisha wakaandika walivyoviona, na kitu kinabaki kuwa chao. Mimi hupokea maandishi hayo, nikayanyoosha, nikayapunguza, nikayaweka hadharani. Mkuu wetu, mwanamke mpole anayeandika barua fupi fupi, aliona si haki kuwauliza watalii peke yao huku wanaowabebea mizigo hawaulizwi. Ndipo ukafunguliwa ukurasa wa Kiswahili, na mimi, mhariri wa gazeti lililokwishakufa, nikakabidhiwa.

Wapagazi wa milima ya bara hawakunipa tabu. Wao huandika kama watu wanaogombana na kiatu. Mmoja alisema koti alilopewa lingefaa zaidi kumtandikia mbuzi. Nilimuondoa mbuzi nikaiacha maana.

Tabu ilikuwa kwetu Unguja.

Bwana mmoja wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini, mstaafu wa serikali, alipewa taa ya kichwani. Tathmini yake ilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ikatusalimia sote kazini, ikauliza hali za wazazi wetu, ikamuombea dua aliyeitengeneza taa pamoja na watoto wake na watakaozaliwa baadaye, na karibu na mwisho kulikuwa na sentensi moja inayohusu kazi. Ilisema: "Taa inawaka." Muongoza wageni wa msituni alipewa koti la mvua, akaandika kwamba ni koti zuri mno, na kwamba mvua ikianza tu yeye hulivua na kulificha lisije likaharibika. Mvuvi wa upande wa Kaskazini alipewa mfuko usioingia maji, wa kuwekea simu na nguo awapo baharini. Aliusifu sana. Nilipompigia simu kumuuliza aliutumia vipi, nikajua kuwa mkewe ameuweka ndani ya kabati la vyombo vya kioo, na wageni wakija huoneshwa.

Kila tathmini lazima iwe na sehemu ya kasoro. Hiyo ndiyo inayosomwa kwanza, na ndiyo wanayoingojea wenye viwanda. Watu wangu waliijaza kwa adabu. Mmoja aliandika kuwa hakuna, alhamdulillahi. Mwengine aliandika kuwa kasoro ni zake yeye mtumiaji. Wa tatu alisema mguu wake ndio mpana kidogo, na anaomba radhi. Siku moja mkuu wangu aliniuliza kama mimi ndiye ninayezifuta kasoro, au kisiwa chetu kina bahati isiyoelezeka.

Nilijaribu kumuelezea. Kwetu kitu cha kupewa hakitiwi ila wala dosari. Ukiletewa halua iliyoungua, unasema imekolea. Ukipewa kitambaa cha rangi usiyoipenda, unakipokea kwa mikono miwili, unakipeleka kwa fundi, na unahakikisha aliyekupa amekuona umekivaa angalau mara moja. Kumwambia mtu kwamba zawadi yake ina kasoro ni kumwambia kwamba mkono wake una kasoro, na baada ya hapo hamtazamani vizuri tena. Mkuu alijibu kuwa ameelewa kabisa, ameguswa, na anaomba kuanzia sasa kila tathmini iwe na kasoro mbili badala ya moja.

Yote haya yalikuwa ya kuchekesha mpaka vilipokuja viatu.

Kiwanda kimoja kilitengeneza viatu vya kuingilia baharini. Wenye kiwanda walisikia habari za wanawake wetu wa mwani, ambao maji yakitoka hushinda wameinama, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vijiti, huku wakikanyaga mawe makali na wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Wakataka kuwapa viatu wanawake wote wa kijiji kimoja cha Kusini, bure. Ila kwanza mmoja wao avijaribu na aseme. Akisema ni vizuri, vitatumwa kama vilivyo. Akisema vina kasoro, vitarekebishwa kwanza. Mkuu akaniuliza kama namjua mwanamke yeyote wa mwani. Nikamwambia mmoja amenilea.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakujaaliwa mtoto. Mama alikuwa nao wengi. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa Kusini na kifurushi cha nguo, nikapewa yeye, kama watu wanavyopeana watoto kwetu bila karatasi wala mashahidi. Siku hiyo siikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba katika malezi yale yote sikuwahi kusikia akinitaja kwa ubaya. Nilipovunja mtungi, alisema mtungi ulikuwa wa zamani. Nilipofeli mtihani, alisema maswali ya mwaka ule yalitungwa kwa chuki. Ndoa yangu ilipovunjika, watu wa pande zote mbili walikuwa na la kusema juu yangu, tena la kweli. Yeye alisema mji una joto, watu hawawezi kukaa chumba kimoja. Kazi ya kunigombeza aliwaachia majirani, nao hawakuifanyia uvivu.

Na shangazi ana sukari. Kliniki walishamwambia wazi kwamba miguu yake haisikii tena kama zamani, kwamba kidonda kidogo kinaweza kumpotezea kidole na kidole kikampotezea mguu, na kwamba asiingie baharini pekupeku. Yeye huwaitikia kwa heshima zote, kisha akarudi kwenye mwani wake pekupeku, kwa sababu ndara hunasa matopeni zikabaki nyuma naye akaendelea mbele. Kwa hiyo viatu vilipotajwa nilifurahi kwa sababu zangu mwenyewe. Nilijiona naokoa mguu wa shangazi kwa kazi ya feni na kompyuta, jambo ambalo si kila mhariri amejaaliwa.

Zilikuja jozi mbili, moja ya kijani na moja ya rangi ya machungwa iliyo kubwa kidogo, maana sikuwa na hakika na kipimo chake. Ya kijani ilimkaa. Ya machungwa ikabaki chumbani kwangu Malindi, juu ya rundo la mahema.

Baada ya wiki chache nilikwenda kuchukua maneno yake. Shangazi haandiki kwenye simu. Yeye husema mimi nikaandika. Kwanza nilimwamkia, kisha nikala, kwa sababu nyumbani kwake hakuna shughuli inayoanza kabla ya mtu kula, halafu ndipo nikafungua kompyuta juu ya mkeka. Akasema viatu ni vizuri ajabu. Akasema wenzake wanavionea wivu na wanauliza vyao vitafika lini. Akasema aliyevishona Mungu amzidishie. Alikuwa akisema haya huku akiinuka kwenda kuepua chungu, na hapo nikaona anachechemea.

Nilimuuliza amefanya nini. Akasema amejikwaa kizingitini. Nikaomba kuuona mguu, akaufunika kwa kanga na kuniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha, yeye ambaye sukari kwake ni neno la hospitali. Nikamng'ang'ania, kama mtoto anavyoweza kumng'ang'ania mlezi wake, mpaka akaufunua. Kisigino kilikuwa kimechubuka hadi nyama nyekundu, na ubavuni mwa kidole gumba kulikuwa na kishimo kidogo cheusi ambacho sikukipenda hata kidogo.

Viatu vilikuwa vimeanikwa uani. Nilivikung'uta. Ukamwagika mchanga, zikatoka changarawe, vikatoka vipande vya kombe na ncha ya mwiba iliyovunjika. Viatu vile vilitobolewa matundu pembeni ya kutolea maji, na kweli maji yalikuwa yakitoka. Ila bahari iliyobaki yote ilikuwa ikiingia humo humo. Mtu mwengine angesikia changarawe ya kwanza, akasimama, akavua, akakung'uta. Shangazi alikuwa hasikii kitu. Alitembea nazo mpaka maji yalipojaa, akarudi nyumbani kwa shukrani.

Nilirudi ndani nikamwambia, "Shangazi, viatu hivi vinakuumiza."

"Viatu havina kosa," alisema. "Kisigino changu ndicho kilichozeeka."

Akaniamrisha niandike hivyo, na niandike pia kwamba anaomba radhi.

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu mpaka hapo nilikuwa nimezoea kuyacheka mambo haya. Kwenye ukurasa wetu kuna sheria niliyoitunga mwenyewe, na niliitunga kwa majivuno: mhariri haongezi neno ambalo mjaribu hakulisema. Nilikuwa nikiwasomea sheria hiyo watu wengine. Sasa nilimwandikia mkuu kwa faragha, nikamueleza kidonda na matundu. Alisikitika kwa dhati. Akaniambia kuwa wenye kiwanda wana maoni ya kutosha kutoka kwa watu ambao hawajavivaa, na wamesema watabadilisha viatu kwa kauli ya aliyevivaa tu. Mjaribu mwenyewe anasemaje? Nikamjibu kuwa mjaribu anasema aliyevishona Mungu amzidishie.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Shangazi asiposema, viatu vile vile vitashushwa kijijini kwa wanawake wote, vikiwa zawadi, nao watavivaa na kuvisifu, na miongoni mwao wenye sukari hakuwa shangazi peke yake. Jirani yake wa ukuta mmoja, Bi mkubwa wa makamo yake, alikuwa nayo na macho yalishaanza kumpungua. Na shangazi mwenyewe hakuwa tayari kuvivua, kwani viatu ulivyopewa ukionekana hunavyo mguuni, watu watasema umevidharau. Kidole kile kilikuwa kinaelekea kuliwa na adabu.

Nilimleta mjini kliniki. Walimsafisha kidonda, wakamfunga, wakamkataza bahari mpaka kifunge kabisa. Aliwaitikia kwa heshima zote. Tulipotoka akasema, maadamu tushafika mjini, tupite Mwanakwerekwe akatafute sufuria.

Nalijua soko la Mwanakwerekwe tangu utoto, na nimesimama nyuma ya shangazi mbele ya meza za wauza vyombo mara zisizo na hesabu, lakini siku ile nilisikia kama mgeni. Aliichukua sufuria, akaigonga kwa kifundo cha kidole na kuitegea sikio. Akasema ni nyembamba. Akasema shikio moja limekaa upande. Akasema chini ina tumbo, haitatulia juu ya jiko, mchuzi utamwagikia upande mmoja. Akauliza kama ilikuwa kofia kabla ya kuwa sufuria. Muuzaji hakuchukia. Alikuwa akichekelea, kwa sababu mteja anayetia ila ndiye mwenye nia ya kununua. Anayesifu ana haja ya kupita tu. Wakavutana bei, wakatupiana maneno matamu, akainunua. Hatujafika hata mwisho wa meza zile, akaikumbatia kifuani akaniambia hajapata kuona sufuria nzuri kama hii.

Nilisimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele nimpishe. Mdomo ulikuwa ule ule. Jicho la kuona kasoro alikuwa nalo, tena kali, na ulimi wa kuzisema alikuwa nao. Mimi na mkuu wangu na tovuti yetu yote tulikuwa tumemkabidhi kitu kwa njia iliyomfunga mdomo, kisha tunamuuliza kwa nini hasemi. Kwetu kasoro ni maneno ya mnunuzi. Sisi tulikuwa tukiwapa watu vitu bure na kungoja wavitukane.

Safari iliyofuata ya Kusini nilikwenda na ile jozi ya machungwa, nimeifunga kwenye gazeti. Nilimkuta mguu ukiwa bado na bandeji. Nikamwambia kuna mtu mjini anauza viatu kama vile vyake, kanipa nivioneshe, labda wanawake wa huku watapenda kununua. Nikamtajia bei. Niliichagua bei ya kumuudhi mtu yeyote mwenye akili timamu.

Shangazi akafuta mikono kwa kanga, akavipokea, akavigeuza juu chini. Nikaona uso wake unabadilika, unakuwa ule wa Mwanakwerekwe.

"Huyo mtu wako hana haya," alisema. "Viatu gani hivi vyenye madirisha? Mchanga unaingilia hapa, changarawe zinaingilia hapa, mtu unatembea na pwani nzima mguuni. Na huku nyuma pagumu, panakula kisigino. Soli yake kavu, ukikanyaga majani unateleza, mie nshaanguka. Na kamba hizi zikishashika chumvi huzifungui mpaka kwa kisu."

Kuanguka hakuwahi kunihadithia. Nilikuwa naandika kwenye simu kwa haraka niliyokuwa sijaitumia tangu enzi za gazeti. Naye hakuishia hapo, kwa sababu bei ilikuwa bado haijashuka. Akasema vinanuka, samaki watakimbia. Akasema ukivivaa unaonekana umetoroka jeshini. Akasema rangi ile inaita pweza. Mpaka alipofika kwa pweza nilijua nimetoka kwenye shida moja nimeingia nyengine: kwa kitu cha kupewa hakuna kasoro hata moja, na kwa kitu cha kuuzwa hakuna kilichosalimika. Lakini kisigino nilikiona kwa macho yangu, na changarawe nilizikung'uta kwa mkono wangu. Za kweli nilizijua.

Kisha nikamwambia. Nikamwambia hakuna muuzaji, viatu ni vya kiwanda kile kile, na maneno yote nimeyaandika.

Akaviweka chini polepole, mbali kidogo na goti lake.

"Umenivua nguo mbele ya watu walionistahi," alisema.

Nilimueleza. Nikamtajia jirani yake wa ukuta mmoja, na macho yake yanavyopungua. Nikamwambia viatu vikifika kama vilivyo, Bi mkubwa yule atavivaa kama alivyovivaa yeye, na atanyamaza kama alivyonyamaza yeye, kwa sababu naye atakuwa amepewa. Shangazi aligeukia upande wa ukuta ule. Nyuma yake tulikuwa tukisikia mtu anatwanga.

"Atavivaa mpaka mguu ukatike," alisema mwishowe. "Namjua."

Akafikiri tena, kisha akatoa hukumu. Hivi vya machungwa, vya kuuza, niyaandike yote aliyoyasema, na bei yake niitaje ili watu wajue kilichomkasirisha. Vile vya kijani alivyopewa nisiviguse. Vile havina kasoro.

Nikaandika hivyo hivyo. Tathmini ilikwenda ikiwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilisema viatu vya kijani ni vizuri ajabu, kasoro hakuna, na aliyevishona Mungu amzidishie. Ya pili ilisema viatu vya machungwa havifai kwa baharini, na ikaeleza kwa nini, tundu kwa tundu. Mkuu aliniandikia kuuliza kama ni viatu vya aina mbili. Nikamjibu ni aina moja, vinatofautiana rangi na namna vilivyoingia nyumbani. Kisha ikaja barua yake ya maneno machache kuliko kawaida: iwekwe kama ilivyo.

Wenye kiwanda walielewa zaidi kuliko nilivyowatarajia. Hawakuuliza habari za vya kijani. Waliuliza juu ya matundu, juu ya kisigino, juu ya soli na kamba, na waliuliza pia, kwa uzito wote, juu ya pweza. Nilimpelekea shangazi swali hilo. Akasema niliache, lile alilisema kwa ajili ya bei.

Tangu hapo nimebadilisha swali ninalowauliza watu wa kwetu. Siwaombi tena kasoro. Nawaambia wafikirie kitu hiki kinauzwa, tena ghali, na muuzaji yuko mbele yao anaringa, watamwambia nini? Yule bwana mstaafu wa Ng'ambo nilimrudia juu ya taa yake kwa namna hiyo. Majibu yake hayakuwa na salamu hata moja. Alianza na mkanda unaobana kichwa kama unaokidai deni, akaendelea na kitufe kisichoonekana gizani, ambako ndiko taa inakotafutwa, na akamalizia kwa kusema kwamba kwa bei hiyo afadhali apige kibiriti. Ilikuwa tathmini bora tuliyopata mwaka ule. Mkuu alitaka kumtumia barua ya shukrani, nikamsihi asifanye hivyo, maana angerudi kuuliza hali za wazazi wetu.

Viatu vipya vilifika baada ya masika. Havikuwa na matundu. Vilipanda juu kama soksi na kubana kifundoni, kisigino chake laini, soli yake inashika, na badala ya kamba kulikuwa na kitambaa cha kubandika. Viligawiwa kijiji kizima. Kidonda cha shangazi kilikuwa kimefunga, kwa kuchelewa na kwa kutupima imani, na kidole kilibaki mahali pake. Vyake nilimpelekea mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kwenye kibao uani, anaosha miguu kama kliniki walivyomfundisha. Nikamuwekea furushi mapajani. Hakuligusa. Alinitazama kwanza.

"Vya kuuza au vya kupewa?" aliuliza.

"Vya kupewa."

"Basi vizuri sana," alisema, na furushi lilikuwa bado halijafunguliwa.

Tulicheka mpaka jirani wa ukuta mmoja akauliza kuna nini. Kisha shangazi akachukua kitambaa akaanza kujikausha baina ya vidole, kimoja kimoja, kwa uangalifu aliokuwa hautumii kwa mguu wake kabla ya mwaka ule. Mimi nilikaa kwenye kizingiti nikimtazama, na sijui kwa nini, yalinijia ya mtungi uliokuwa wa zamani, na ya maswali yaliyotungwa kwa chuki, na ya mji wenye joto. Maisha yangu yote nimekaa mbele ya mwanamke mwenye jicho la kuiona sufuria yenye tumbo kabla hajaigusa, na kwangu mimi hakuona kitu. Nilikuwa nimeshapita umri wa kulitaka neno lake la kasoro juu yangu, na bado nililitaka, hata moja tu, lile analoliona kubwa.

Nikamuuliza, kwa mzaha ambao sauti yangu haikuubeba vizuri, mimi nina kasoro gani.

Aliacha kujikausha. Alinitazama kwa lile jicho la Mwanakwerekwe, kuanzia utosini mpaka kwenye miguu, hana haraka. Nikaona kabisa kwamba anayo ya kusema, tena mengi, na yamepangwa kwa mpango. Kisha akarudi kwenye vidole vyake.

"Wewe nilipewa," alisema.